Magogo ya Mloliondo

Kata iligonga ukingo wa debe la maji, ikanyamaza, ikagonga tena. Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwa Mzee Sumari, Ngarenaro, kabla jogoo wa jirani hajawika. Mkewe, Mama Lydia, alikuwa akichota maji ya chai gizani, na sauti ile ndogo ndiyo iliyozoea kumwamsha binti yake Ndeshi. Lakini Jumatatu hiyo haikumwamsha mtu. Ndeshi alikuwa macho tangu usiku, amejikunyata chini ya blanketi, akiomba mvua inyeshe kubwa ili baba yake asifanye kazi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mabati, na humo Mzee Sumari alitengeneza magari. Ufundi alijifunza jeshini, wakati Mwingereza alipokuwa akipigana vita. Aliporudi Arusha, watu wa mjini na wa mlimani walimletea magari yao. Alikuwa na jeki ya skrubu, nzito, nyeusi kwa grisi, iliyozungushwa kwa mkono na kupanda polepole kama konokono. Alikuwa pia na magogo manne ya mloliondo, mti mgumu wa msitu wa Meru. Aliyakata mwenyewe na kuyavisha gunia ili chuma kisiteleze juu yake. Gari likishanyanyuliwa, magogo yaliwekwa chini yake, na hapo tu ndipo mtu aliruhusiwa kuingia uvunguni.

"Jeki hunyanyua, gogo hubeba," alizoea kusema. "Ukiyachanganya hayo mawili, watu watakula wali wa matanga yako mapema."

Wiki iliyotangulia, Mzee Manase, mwenye lori dogo la maziwa, alikuja na jeki mpya ya mafuta. Aliipata kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya.

"Sumari, tupa hilo chuma lako la babu," alisema akicheka. "Hii unaipampu kidogo tu, kama mtu anayejaza upepo baiskeli, na gari liko juu. Hayo magogo kayachemshie maharage!"

Mzee Sumari aliigeuza jeki, akapitisha kidole chini yake. Kidole kilitoka kimelowa mafuta.

"Ni nzuri, inapanda upesi," alisema. "Lakini inavuja, bwana, na itashuka upesi vilevile. Nitainyanyulia gari. Kumlaza mtoto wa mwenzangu chini yake, siwezi."

Huyo mtoto wa mwenzake alikuwa Sironka, kijana Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, aliyekuwa akijifunza ufundi kwake. Kila alipotoka kwao alileta kibuyu cha maziwa mgando, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Ndeshi. Kila asubuhi Ndeshi alimwinamishia kichwa, naye akaweka kiganja chake juu ya nywele zake, kama Waarusha wanavyowasalimu watoto. Siku ambayo kiganja kile hakikumgusa, Ndeshi aliiona haijaanza.

Basi kwa nini siku hiyo aliomba mvua?

Ilikuwa hivi. Jumapili, jirani yao Mama Eunike alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Wageni waliteremka kutoka Nkoaranga wengi kuliko walivyotazamiwa. Mzee Sumari na mkewe walikuwa wamekwenda kumwona mgonjwa huko Themi, na Ndeshi alikuwa peke yake nyumbani.

"Mwanangu," Mama Eunike alimwambia akihema, "bibi wazima wamesimama kama nguzo. Hamna chochote cha kukalia?"

Mgeni hasimami. Hilo Ndeshi alilijua tangu aanze kutembea. Aliyavingirisha magogo yote manne hadi kwa jirani, na wale bibi wakamshukuru na kumbariki.

Jioni alipoyafuata, aliyaona mawili tu. Kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua za masika, na wapishi walichukua kilichokuwa kikavu. Chini ya sufuria kubwa palikuwa na majivu na kipande cha gunia kilichoungua.

Mama Eunike alijishika kichwa. "Ole wangu! Yalikuwa ya kazi? Ngoja nije mwenyewe nimweleze baba yako."

"Usijisumbue, mama," Ndeshi alijibu. "Nitamwambia mimi."

Wazazi waliporudi, hakumwambia. Kila alipofungua kinywa aliuona uso wa baba yake, akakifunga. Kulipoanza kuingia giza alikwenda nyuma ya nyumba, akakata shina la mgomba uliokwisha kuzaa, akalipima na gogo, akatoa vipande viwili na kuvivisha gunia. Mgomba mbichi umejaa maji, kwa hiyo ni mzito. Ukivitazama, na hata ukivibeba, ungedhani ni mloliondo. Alivipanga pamoja na yale magogo mawili yaliyobaki. "Kesho baba ana injini mezani," alijiambia. "Hatayahitaji. Jioni nitamweleza."

Lakini chai ilipokuwa inachemka asubuhi ile, Ndeshi alisikia lori likija linalia kwa chini kama mbuzi aliyekabwa.

"Hodi, Sumari!" Mzee Manase aliita. "Kuna kitu kimelegea huku chini, na maziwa ya watu yako nyuma. Nisaidie kabla hayajaharibika!"

Mzee Sumari aliwasha kandili. Sironka alikaza mawe nyuma ya magurudumu. Wakaisukuma jeki ya mafuta chini ya lori, nalo likainuka upesi, na Mzee Manase akapiga makofi. Mzee Sumari alinyosha mkono kwenye lundo, akachukua gogo moja akaliweka kushoto, akachukua la pili akaliweka kulia. Akaishusha jeki kidogo kidogo mpaka lori likakaa juu ya magogo, akaiacha jeki palepale ikigusa tu.

Ndeshi aliingia na chai. Alitazama kulia, akalijua gunia alilolifunga kwa mikono yake.

"Fundi mdogo!" Sironka alimwita. Ndeshi akainama, na kile kiganja kikatua kichwani pake. "Mbona kichwa kina moto leo? Ulikesha ukihesabu mbuzi wa watu?"

"Sijambo, kaka," alisema, sauti ikatoka nyembamba.

"Chai yangu usimpe Mzee Manase. Atasema hata hiyo ipampiwe."

Wazee walicheka. Sironka alijilaza chali na kuteleza chini ya lori, mpaka ikabaki miguu tu nje.

Sema, moyo ulimwambia Ndeshi. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Baba alikuwa hapo, na Mzee Manase alikuwa hapo, na angeonekana mwongo mbele ya mgeni. Tena lori lilikuwa limetulia kabisa. Labda mgomba ungebeba. Labda kazi ilikuwa ndogo.

"Mzee," sauti ya Sironka ilitoka chini, "haya maji yanayodondoka ni ya wapi? Rejeta inavuja?"

"Labda ni ya mvua," Mzee Sumari alijibu, akitafuta spana.

Ndeshi alitazama. Gunia la kulia lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yakitoka kwenye nyuzi zake, tone, tone, tone. Mgomba ulikuwa unakamuliwa. Birika lilimtoka mkononi.

"Kaka Sironka, toka! Toka! Hilo si gogo, ni mgomba!"

Sironka hakuuliza. Alijisukuma kwa viwiko, akatoka upande wa pili, kwanza kichwa, halafu kifua, halafu kiuno. Mgomba ulipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga tope. Uzito wote uliangukia jeki ya mafuta, ikainama, ikazama, na lori likashuka juu ya mguu wake wa kushoto.

"Yieyo!" Sironka alilia. "Yieyo!" Alikuwa akimwita mama yake.

"Ndeshi, jeki!" Mzee Sumari alipiga kelele.

"Ipi, baba?"

"Ya zamani! Ya skrubu, mlangoni! Hii nyingine iache, itatuua!"

Ndeshi aliiburuta. Hakujua nguvu zilitoka wapi. Mzee Sumari aliiweka juu ya ubao, na yeye mwenyewe akatia bega kwenye bodi ili lori lisiyumbe.

"Zungusha. Usimtazame usoni. Tazama mkono wako tu, mwanangu, zungusha."

Akazungusha. Jeki ilipanda polepole kama ilivyokuwa ikipanda siku zote, lakini kila ilipofika haikurudi. Mzee Manase, aliyekuwa akicheka muda mfupi uliopita, alipiga magoti topeni, akakipakata kichwa cha Sironka na kumfunika kwa koti lake la kanisani. Mama Lydia aliubana mguu kwa kanga. Lori lilipoinuka kiasi cha kutosha, wakamvuta.

Mhindi mwenye duka la pembeni alitoa gari lake bila kuombwa, akatandika ndani yake godoro jipya la kuuza. Mjini walimfunga kidonda, kisha akapelekwa hospitali ya Nkoaranga, karibu na kwa bibi yake Ndeshi, ili apate mtu wa kumletea chakula. Huko daktari alitazama mguu, akasema hauponi. Ulikatwa chini ya goti.

Jioni ile Ndeshi alimweleza baba yake yote: wageni, moto, kisu, magunia. Alisubiri fimbo. Mzee Sumari alikuwa amekaa juu ya gogo la mloliondo, ameshika kile kipande cha mgomba kilichosetwa. Alikigeuzageuza mpaka Ndeshi akatamani apigwe.

"Mimi si mwenye mguu," alisema mwishowe. "Utakwenda ukamwambie mwenyewe."

Jumamosi walipanda vijia vya Nkoaranga, vinavyoteleza katikati ya mibuni na migomba. Ndeshi hakuweza kuitazama migomba. Bibi yake aliwapa mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, katika sufuria iliyofungwa kitambaa. "Mwambie Sironka nimetia mafuta ya ng'ombe kama anavyopenda," alisema. Kumbe kila siku alikuwa akimpelekea chakula, na kumsimulia vichekesho vya vijana wa zamani.

Sironka alikuwa amelala kando ya dirisha. Alikuwa amekonda. Shuka lilinyooka mahali ambapo mguu ulipaswa kuwapo. Ndeshi aliweka sufuria chini na kusema yote, bila kuacha neno, machozi yakimwingia kinywani. Kisha akainamisha kichwa, akangoja.

Hakuna mkono uliokuja.

"Nilipouliza maji ni ya wapi," Sironka alisema taratibu, "ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo, kaka."

"Ulijua."

"Ndiyo."

Sironka aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na ukungu, na kilele cha mlima hakikuonekana. Mgonjwa mmoja alikohoa. Ndeshi alibaki ameinama, shingo ikimuuma, wala hakuinua kichwa.

Mzee Sumari alivuta kigoda, akaketi kando yao.

"Nami nina kosa," alisema. "Niliona gunia nikaliamini gunia. Sikulifunua, na mimi ndiye fundi. Hilo nitalibeba." Akamgeukia binti yake. "Ndeshi, kuwapa bibi wale mahali pa kukaa hukukosea. Ningekuwapo ningefanya vilevile. Gogo likiungua, tunalia kidogo na kukata jingine. Lakini ulificha. Ungeniambia Jumapili, Sironka angekuwa na miguu miwili. Ungenyamaza kabisa Jumatatu, leo tungekuwa tumetoka kuzika. Ukweli ukichelewa unaokoa kidogo tu, mwanangu, na kinachopotea hakirudi. Useme mapema, hata kama ulimi unatetemeka."

"Nimesikia, baba."

"Sasa sikia na wewe, Sironka. Mhunzi anatutengenezea vigoda vinne vya chuma, vya kuwekwa chini ya gari. Havitoki bandani, hata aje mgeni gani. Nimenunua na viti vya wageni. Jeki ya mafuta nimemrudishia Manase. Na karibu na dirisha nimejenga meza ya kazi, ya kimo cha mtu aliyeketi. Kabureta na magneto, vitu vya kufunguliwa mezani, ni kazi yako, hakuna anayekushinda. Nafasi yako haina mtu mwingine, nasi tunakungoja."

 Sironka alipangusa uso kwa ncha ya shuka.

"Ndugu zangu kule nyumbani watachunga bila mimi," alisema. "Hilo linaniuma kuliko kidonda, mzee." Akaligusa shuka palipokuwa na mguu. "Huwa naota bado ninao ule mguu, nakimbiza ndama."

 Mzee Sumari alimimina mtori bakulini, akaliweka karibu na mkono wa Sironka.

Ndipo Ndeshi alipohisi kitu kizito na chenye joto kikitua juu ya nywele zake. Kilikuwa kile kiganja. Kilikaa pale muda mrefu kuliko siku nyingine zote.

"Ulipiga kelele," Sironka alisema. "Ulichelewa, lakini ulipiga. Na ile jeki nzito ya babu uliizungusha wewe. Nilikuwa nakuona."

Kengele ya hospitali ililia, wageni wakaanza kutoka. Ndeshi alikusanya sufuria na kitambaa, akasimama mlangoni, asijue kama aage au aondoke tu.

"Fundi mdogo," Sironka aliita kutoka kitandani. "Siku za huku ni ndefu. Jumamosi ijayo uje tena, tafadhali. Usiache kuja."