Kadi Aliyoichomoa Mshonaji

Jumatatu ile mshonaji alikuwa akipiga pasi kola za sare, redio ikiimba polepole dirishani, alipoamua kuiua kompyuta ya mumewe. Hakuwa na hasira. Alizima pasi, akanywa maji, akachukua bisibisi ndogo anayokazia skrubu za cherehani, akaenda sebuleni. Nayajua haya kwa sababu ni rafiki wa mama yangu, na alimhadithia mchana kweupe, akili zake timamu, huku machozi yakimtoka.

Tuanze na wivu, maana bila huo hakuna kisa. Mumewe, mwalimu wa jiografia, alikuwa mgane alipomuoa. Picha zote za marehemu mkewe zilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyokaa pembeni mwa sebule, na kila alasiri mwalimu alipotoka kazini, hata viatu hajavua, aliiwasha. Siku hizo ilikuwa ikisumbua. Mistari ya kijani ilikata skrini, vidoa vya rangi vilitapakaa kwenye nyuso za watu, halafu kila kitu kinaganda. Fundi, rafiki wa mwalimu, alisema tatizo ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ilikuwa imechoka.

Basi mwalimu, ambaye kitasa cha bafuni kilimshinda mwaka mzima, akajifunza ufundi. Aliichomoa kadi, akaipangusa meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akapuliza vumbi kwenye feni yake, akairudisha taratibu kama anayemlaza mtoto. Mshonaji alimtazama kutoka mlangoni, kitambaa mkononi, na roho ikamuuma kwelikweli. Yeye mwenyewe hakuwahi kushikwa hivyo.

"Si uzihamishie kwenye simu?" alimuuliza.

"Hapa ndipo alipozipanga mwenyewe," mwalimu alijibu bila kugeuka.

Kule kutogeuka ndiko kulikomchoma. Wanawake walio hai hawakuwahi kumtisha. Angewapiga jicho moja na wakajua pa kupita. Lakini huyu hazeeki, hanuni, haunguzi chakula. Utamshindaje? Alitaka mume wake arudi nyumbani kwake, kwa mkewe, hata kwa alasiri moja tu. Hakutaka kingine.

Ndiyo maana Jumatatu ile alifungua boksi la kompyuta, akachomoa waya wa skrini, akafungua skrubu moja, akaing'oa kadi. Waya aliuacha uning'inie nyuma ya meza. Kadi aliizika chini ya gunia la mabaki ya vitambaa. Alishamsikia fundi akisema kwamba mashine za umri huu hazina njia nyingine ya kutoa picha. Bila kadi ni boksi la bati.

Saa kumi mwalimu akarudi. Mshonaji alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, akisubiri malalamiko. Akasikia kiti kikivutwa. Akasikia swichi. Kisha akamsikia mumewe akicheka, kicheko kidogo cha mtu anayetaniwa.

"Leo umependeza," mwalimu alinong'ona.

Mshonaji akaenda kwa kunyata. Skrini ilikuwa inawaka. Picha ya harusi ya kwanza ilijaa pale, angavu, bila mstari, bila kidoa. Mwalimu na marehemu, bega kwa bega. Mshonaji akainama kutazama nyuma ya meza, na waya wa skrini ulikuwa palepale alipouacha, ncha yake ikigusa sakafu.

Asubuhi yake, mume alipotoka, aliiwasha mwenyewe. Boksi likalia pi, pi, pi, na skrini ikabaki nyeusi. Akajaribu tena na tena. Nyeusi. Alasiri mwalimu akakaa, akabonyeza swichi ileile, na picha ikaja. Kumbe hata mashine ilikuwa na upande wake! Mshonaji alitamani kuivunja kwa nyundo, lakini hofu ilikwishaanza kumtambaa mgongoni.

Maana picha ilikuwa inabadilika. Jumatatu marehemu alitazama mbele, kama watu wote wanavyopigwa picha. Jumatano alikuwa ametazama pembeni kidogo. Ijumaa kichwa kilikuwa kimegeuka kabisa. Kilielekea mlangoni. Mlangoni ndipo aliposimama mshonaji.

Jumamosi, mwalimu akiwa kwenye kikao cha shule, mshonaji alimwita fundi. Akamwambia kompyuta imeharibika, basi. Fundi alikuja na mkoba wake, akatania kwamba mwalimu anampenda huyu mzee wa bati kuliko marafiki, akafungua boksi. Utani ukakatika.

"Shemeji, kadi iko wapi?"

Mshonaji aliona aibu, lakini alisema kweli. "Niliitoa mimi."

"Lini?"

"Jumatatu."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Alhamisi nilikaa hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye kiti hiki. Wewe ulikuwa umepeleka nguo za wateja. Mwalimu alinionyesha picha za harusi, zote, moja baada ya moja."

Mshonaji alileta kadi, na fundi akairudisha haraka, akachomeka waya, akawasha. Boksi halikulia. Skrini ikaja na mistari yake ya kijani, vidoa vyake vya rangi, kama zamani. Mshonaji akashusha pumzi. Fundi akaifungua picha ya harusi.

Mwalimu alikuwa amesimama peke yake. Mkono wake ulikuwa umekunjwa, umeshika kiuno ambacho hakikuwapo. Fundi akafungua picha nyingine. Kiti kitupu. Nyingine. Bustani tupu. Nyingine, keki mezani, na kisu kimesimama wima juu yake, bila mkono.

"Hili si tatizo la kadi," fundi alinong'ona. Alikusanya vifaa vyake, akakataa chai, akaondoka bila kurudisha kifuniko cha boksi.

Mshonaji alibaki akimsubiri mumewe. Angemwambia nini? Lakini mwalimu alipoingia hakuitazama kompyuta. Alivua viatu. Alimsalimia mkewe, akampita, akaenda chumbani akipiga mluzi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akasema, "Lile boksi mpe fundi achukue vipuri," kwa wepesi wa mtu anayetoa ndoo iliyotoboka.

Usimlaumu mshonaji kwa furaha aliyoipata. Hofu yote aliisukumia pembeni. Aliifuta meza ile, akaweka maua, akashona mapazia mapya. Picha tupu zilimtisha, ndiyo, lakini tupu ni tupu, na aliyekuwa ndani yake amekwenda zake. Mume amebaki! Alimwambia mama yangu kwamba wiki ile aliimba mpaka wateja wakamuuliza kulikoni.

Jumapili akagundua kwamba mwalimu hukaa sana chumbani. Akaenda, akasukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameutazama ukuta, uso umelainika. Ukutani palikuwa na picha moja tu. Picha yao wenyewe, ya harusi yao, iliyosafishwa kwenye karatasi na kuwekwa kioo. Haikuwahi kuingia kwenye kompyuta yoyote.

Mshonaji alikosa pa kuiweka furaha. Ananitazama mimi, alijisemea. Hatimaye. Akaketi kando yake, akakilaza kichwa begani mwa mumewe, akainua macho.

Walikuwa watatu.

Katikati alisimama marehemu. Alivaa gauni la mshonaji, lile alilolishona kwa mikono yake, vifungo arobaini vya lulu. Mkono wa mwalimu ulikuwa kiunoni mwake. Mshonaji mwenyewe alikuwa amesogezwa mpaka ukingoni. Fremu ilikuwa imelikata bega lake.

Akaielekezea picha kidole.

"Mume wangu," akanong'ona. "Huyu hapa katikati... ameingia lini?"

Mwalimu aligeuka. Safari hii aligeuka kabisa, akamtazama machoni, kwa upole, na kwa mshangao wa kweli.

"Ameingia?" akasema. "Kwani lini hakuwapo?"

Kisha akasimama, akashika kona ya shati lake, akakifuta kioo taratibu. Alifuta katikati tu.