Sahani ya Shahidi

Dada yangu Hulda anafanya kazi maabara hapa Butembo, na kwa ubishi hana mwenzake. Jumatatu ile alifika kazini na mfuko wa majani kutoka Kasugho. Mume wake, Lusenge, alikuwa na kidonda mguuni kisichosikia dawa yoyote, na madaktari walishaanza kusema mguu ukatwe. Hulda alitaka kujua kama majani yale yanaua vidudu vya kidonda kile.

Mganga aliyempa majani, mama Kahongya, alikuwa amemwonya.

"Hii dawa haiuake bidudu. Inabihamishaka tu, inabipeleka ku shahidi. Hapana kuweka shahidi."

"Ndiyo, mama," Hulda alijibu, huku moyoni anacheka.

Akapanda usaha wa Lusenge kwenye sahani mbili za maabara. Ya kwanza aliiwekea kikaratasi kilichochovywa maji ya majani. Ya pili aliiacha bila dawa, ya kulinganishia. Sahani ya namna hiyo kwa Kifaransa huitwa témoin, yaani shahidi. Akaandika neno hilo kwenye kifuniko, na chini yake jina lake mwenyewe, kama wafanyavyo wote pale. Mazoea yana tabu.

Kesho yake, sahani ya dawa ilikuwa na duara safi kuzunguka kikaratasi. Hulda akafurahi. Lakini ile ya pili, iliyopaswa kujaa vidudu, ilikuwa tupu. Hakukuwa na doa hata moja. Aliitazama huku akijikuna mguu.

Nyumbani hakuna aliyempaka Lusenge jani lolote. Hata hivyo kidonda chake kilikauka siku ileile. Kwenye mguu wa Hulda kikafunguka kingine, mahali palepale.

Akampigia mganga simu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Unguza ile boîte, ile sahani yako, bitarudi ku mwenyewe, ku bwana yako."

"Na nikikatala?"

"Basi bibakie kwako."

Hulda akaileta sahani nyumbani, akaificha chini ya nguo zake kabatini, akafunga mguu kitambaa, akamwambia mumewe ameunguzwa na uji. Lakini Lusenge harufu ile aliijua, alikuwa amelala nayo miezi mingi.

Asubuhi, Hulda alipokwenda kazini, nilimweleza Lusenge maneno ya mganga, naye akaitafuta sahani mpaka akaipata. Akaniita jikoni, mimi shemeji yake.

"Beau, nitaiunguza. Ni muguu yangu, haiko yake. Weye uangalie kama inaisha yote."

Akaiweka kwenye makaa. Akanyoosha mguu, akafumba macho. Plastiki ikanywea. Niliogopa sana, lakini nilitazama mpaka mwisho.

Tukangoja. Mguu wake ukabaki mzima.

Hulda akarudi mbio, hana kitambaa, analia kwa furaha. Kidonda chake kimefunga! Tukashikana mikono, tukamshukuru Mungu.

Kisha akaona plastiki nyeusi kwenye makaa. Sauti ikamshuka.

"Wakati iliungua, nani aliangalia? Shahidi alikuwa nani?"

Lusenge aligeuka taratibu, akanitazama mimi. Ndani ya kiatu, soksi yangu ilikuwa imelowa usaha.