Chapuchapu na Kengele ya Dawa

Kila Jumamosi, Chapuchapu alifagia chumba cha kazi cha shangazi yake kabla ya kwenda kucheza netiboli. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwani alikuwa mtoto wa mbio: chai aliinywa amesimama, viatu alivivaa akitembea, na ufagio wake uliziruka pembe zote za chumba.

Jumamosi hiyo shangazi hakumpa ufagio tu. Shangazi alitengeneza programu za simu, na moja kati ya hizo iliwapigia wagonjwa kengele saa ya kumeza dawa ikifika. Shida yake ilikuwa kwamba kila ilipofanyiwa marekebisho, wazee walilazimika kupeleka simu zao zahanati na kupanga foleni ili muuguzi awawekee toleo jipya. Sasa shangazi alikuwa ameiwezesha kujisasisha yenyewe: ingefuata toleo jipya mtandaoni na kujibadilisha bila mwenye simu kugusa kitu.

"Simu hizi tatu zina toleo la zamani, na nimeziwekea saa za dawa," shangazi alisema. "Ziache zijisasishe. Zikimaliza, fungua uone kama saa zile bado zipo. Usizisaidie, mwanangu. Zikikwama, niite."

"Sawa, shangazi."

Shangazi akaenda chumba cha pili. Ah, lakini kungoja! Mstari wa kijani kwenye simu ya kwanza ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea tena. Chapuchapu akakaa, akainuka, akachungulia dirishani.

"We Chapuchapu! Tunaanza bila wewe!" wenzake walimwita kutoka barabarani.

Miguu ikamwasha. Akaona afupishe kazi: akazinakili saa za dawa, akaifuta programu ya zamani kwenye simu zote, akaweka toleo jipya moja kwa moja, kisha akaziandika saa zile upya kwa mkono wake. Zikafunguka vizuri. Kwani kuna tofauti gani, alijiambia.

"Zote tayari?" shangazi aliuliza aliporudi. "Saa zimebaki?"

"Zipo, shangazi."

"Umenifaa sana. Basi naanza na simu ya bibi yako. Jioni nawatumia wagonjwa wote."

Netiboli haikunoga hata kidogo. Mpira ulimponyoka kila alipoudaka, mpaka nahodha akamuuliza kama mikono yake ameiacha nyumbani. Maneno ya shangazi yalimrudia kichwani, naye akawa anatazama nyumbani zaidi kuliko anavyotazama goli. Mwishowe akaaga, akisingizia kiu.

Bibi alikuwa sebuleni akikunja nguo. "Mjukuu wangu, hebu itazame simu hii. Leo kengele imeninunia. Naisubiri iniite nimeze dawa ya presha ya mchana, haiiti."

Chapuchapu akaifungua. Toleo jipya lilikuwa limejiweka lenyewe, lakini hapakuwa na saa hata moja ya dawa. Angeweza kuziandika upya palepale na mambo yakaishia hapo, na kweli akaandika ya kwanza. Kisha akawawaza wazee wengine, kila mmoja nyumbani kwake, akingoja kengele isiyolia. Akaiweka simu chini, akakimbilia chumba cha kazi.

"Shangazi, usitume!"

"Kuna nini?"

"Sikungoja. Nilizifuta programu za zamani, nikaweka toleo jipya mwenyewe, na zile saa niliziandika mimi. Simu ya bibi imejisasisha, saa zake zote zimepotea."

Shangazi akampigia muuguzi, akaambiwa bibi ameze dawa sasa hivi, na hakuketi mpaka alipomwona amemeza. Ndipo akalitafuta kosa. Toleo jipya lilizitafuta saa mahali ambapo toleo la zamani halikuziweka.

"Kosa la programu ni langu," alisema. "Lakini nilikuomba unionyeshe kama lipo, wewe ukalifunika. Nimekasirika, sikufichi. Ila umekuja kusema kabla sijatuma, na hilo nimeliona."

Baada ya kulisahihisha, akazirudishia simu zile tatu toleo la zamani na saa zake, akazipanga mezani. Safari hii Chapuchapu alikalia mikono yake. Mstari wa kijani ukasimama, akatikisa miguu, akauma midomo, akaita, "Shangazi, imekwama!" Walipochungulia pamoja, ukaendelea. Simu ya mwisho ilipofunguka, saa zote zilikuwepo.

"Naweza kuifanya programu ijisasishe bila mtu," shangazi alisema. "Siwezi kuifanya iseme ukweli kuhusu kasoro zake. Hiyo ni kazi ya anayeijaribu. Wazee wale hawakujui, lakini watameza dawa kwa neno lako. Haya, niambie: niwatumie?"

Chapuchapu alizifungua simu tena, moja baada ya nyingine, akazisoma saa zote mpaka mwisho.

"Watumie, shangazi."