Nilimtafsiria Mume Wangu Uongo Kwenye Duka la Chenso

Nina miaka arobaini na mbili. Naishi Walthamstow, hapa London, na mume wangu na binti yetu mmoja. Mimi ni mtoto wa Temeke, mdomo ninao, na mdomo huo huo, ndugu wasomaji, ndio ulioniponza mwenzenu...

Mume wangu, Baba Upendo, ni mtu wa Mafinga. Amekulia kwenye misitu ya misonobari, na kazi ya kukata miti aliianza kabla hata sijamjua. Ni mpole, maneno yake ya kuhesabu. Kiingereza kilimpiga chenga tangu tulipofika. Salamu anaelewa, bei anaelewa. Zaidi ya hapo ananigeukia mimi: "Mama Upendo, anasemaje huyu?"

Na mimi nilipenda kuulizwa! Benki mimi, hospitali mimi, shuleni mimi. Tukienda Barking kwenye sherehe za Watanzania wenzetu, watu walikuwa wananisifu, eti bila mimi Baba Upendo asingefika popote. Nacheka, najifanya nakataa, kumbe kichwa kinavimba.

Biashara yetu ilikuwa ndogo. Mume wangu alikuwa anakata miti kwenye mashamba ya watu nje kidogo ya jiji, tunauza magogo ya mbao na kuni za kuotea moto. Yeye na chenso yake ya wastani, ule msumeno wa injini, mimi na simu. Asubuhi nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao, mchana natafuta wateja. Tulikuwa tunaishi vizuri tu. Lakini mimi nilikuwa nataka makubwa.

Nikapata tenda. Mwenye shamba mmoja kule Essex alikuwa na mialoni minene, mingine watu wawili wakiukumbatia mti mikono haikutani. Alitaka ikatwe majira yote ya baridi. Kwa chenso yetu ile tusingefua dafu. Nikamwambia Baba Upendo twende tukanunue kubwa, ya wanaume!

Akakunja na kukunjua vidole. Halafu akaniambia kitu ambacho nilipaswa kukisikia. Akasema vidole vyake asubuhi vinapauka, kama mtu aliyeshika unga, na akishika chenso muda mrefu vinakufa ganzi.

Mimi nikamcheka! Nikamwambia hiyo ni baridi, avae glavu. Mtu wa Mafinga, kwenye ukungu ule, leo anaogopa baridi ya London? Akatabasamu kidogo, yakaisha. Nikadhani nimemaliza.

Jumamosi tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa mzee Mwingereza, mtaratibu, na yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Akatuwekea chenso mbili mezani. Moja imezidi ya kwetu kidogo, ubapa wake wa kukatia una inchi ishirini. Ya pili... jamani! Inchi thelathini na sita, imelala pale mezani kama mamba. Mimi macho yote kwenye ile.

Lakini yule mzee hakuwa na haraka ya kuuza. Akauliza kazi gani, mtu mmoja au wawili, saa ngapi kwa siku. Akasema ile kubwa ni nzito na mtikisiko wake unaingia mikononi, si ya kushinda nayo kutwa. Akatushauri tununue ile ndogo kwa kazi za kila siku, ile kubwa tukodi kwa siku za mialoni tu, na watu wapokezane.

Kisha akaitazama mikono ya mume wangu. Akamuuliza yeye, si mimi: je, vidole vyako huwa vinapoteza rangi au kufa ganzi?

"Anasemaje?" Baba Upendo akaniuliza. Nikamtafsiria hilo swali la vidole. Hapo nilikuwa bado mkweli.

Mume wangu akaongea! Sijamsikia akiongea vile wiki nzima. Akasema ilianza mwaka jana, vidole viwili vya mkono wa kulia, sasa ni vinne na vya kushoto vimeanza. Akasema asubuhi kufunga vifungo ni shida. Halafu akaniambia, "Mwambie yote, Mama Upendo. Huyu mzee anaijua kazi."

Nikamgeukia yule mzee. Nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba mume wangu hana tatizo lolote.

Mzee akamtazama, akanitazama mimi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa!

"Amesemaje?"

"Amesema ni kawaida kwa watu wa kazi hii," nikamjibu. "Anasema hii kubwa ndiyo itakufaa, inakata haraka, kwa hiyo hutaishika muda mrefu."

Mtaniuliza kwa nini... Kwa sababu mzee angejua ukweli asingetuuzia. Kwa sababu tenda ingeniponyoka, na mimi nilishaitangaza Barking nzima. Nilimwuza mume wangu kwa ajili ya sifa, ndugu zangu, wala sina namna nyingine ya kusema.

Baba Upendo akaitikia kwa kichwa. "Basi kama mzee mwenyewe amesema," akasema, akaibeba.

Mwezi wa kwanza mialoni ilikuwa inaanguka, nami napiga picha na kuwatumia watu. Mwezi wa pili akaangusha kikombe cha chai. Kesho yake akaangusha kingine. Nikanunua vya plastiki, nikafanya utani. Mwezi wa tatu nikawa mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Anasimama mbele yangu ameinua kidevu, nafunga kimoja kimoja.

Asubuhi moja nikamkuta jikoni anapasha mikono kwenye bomba. Maji yalikuwa yanatoa mvuke! Nilipoyagusa nikaruka. Yeye ametulia, viganja vinavimba, wala hasikii chochote. Nikafunga bomba haraka. Mungu wangu, niliogopa... Je, nilimwambia aache kazi? Hapana. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tumalize tenda, nikajiambia wiki tatu si nyingi.

Zilikuwa nyingi. Jumatano ile nilikuwa nyumbani kwa bibi mmoja namlisha uji, simu ikaita. Alikuwa mwenye shamba, anahema. Mkono wa kushoto wa mume wangu ulikuwa umeachia mpini bila mwenyewe kujua. Chenso ikagonga tawi, ikamrudia, ikampasua bega. Alikuwa hai, ameshapelekwa hospitali.

Nilifika nikikimbia, nikaanza pale pale kujibu maswali ya daktari. Muuguzi akanizuia kwa upole. Akasema pale ndugu hawatafsiri, wao wana mkalimani wao wa simu. Wakaiweka simu kitandani, ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Mombasa, inamsalimia mume wangu.

Daktari akasema bega litapona. Vidole ndivyo havitarudi. Mishipa ya fahamu imeharibika kwa mtikisiko wa muda mrefu, na angeacha mapema huenda vingepona. Kisha akauliza, hukumweleza mtu yeyote?

"Nilimweleza mzee wa dukani," Baba Upendo akajibu. "Akasema ni kawaida, ninunue kubwa."

Ile sauti ikatafsiri neno kwa neno. Daktari akakunja uso. Akataka jina la duka, akasema mtu wa namna hiyo lazima aripotiwe.

Aripotiwe? Yule mzee! Aliyeuliza mara mbili! Nikasema, kwa Kiswahili, "Mzee hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesema. Nilimficha kuhusu vidole vyako, Baba Upendo, na nilikudanganya alichosema."

Na ile sauti ya kwenye simu ikayageuza maneno yangu kuwa Kiingereza, yote, bila kupunguza hata moja.

Mume wangu hakupiga kelele. Afadhali angenitukana! Aliniuliza swali moja tu: "Na mengine? Miaka yote hii, ni mangapi mengine?"

Yalikuwepo, ndugu zangu...

Wasomaji wenzangu, mko wengi mnaowasemea waume, wake, mama zenu kwenye nchi za watu. Nawapigia magoti, fikisheni walichosema. Msipunguze, msiongeze, hata kama mnaona mnajua zaidi. Mtu amekukabidhi mwili wake wote!

Baba Upendo hajaniacha. Tunakula meza moja, ananiita Mama Upendo kama zamani. Jana ilikuja barua ya hospitali. Aliiokota kwa viganja viwili, maana vidole havishiki, akavaa kandambili akaenda kumwomba jirani yetu Mkenya amsomee. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo sebuleni.