Mistari Miwili ya Yuditha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yuditha alimkatia ng'ombe majani, kisha akanawa miguu mferejini. Aliishi na bibi yake kijijini Masama, chini ya mlima, enzi za utawala wa Mwingereza, na alikuwa darasa la nne.

Wiki ile Mwalimu Aminieli aliwaagiza wanafunzi wachore mlima. Picha moja tu ingepelekwa kwenye maonyesho ya shule mjini Moshi, na mchoraji wake angekwenda nayo.

Siku ya kukusanya, Salvina alitoa picha iliyojaa migomba, nyumba, ng'ombe na kanisa. Darasa zima likapiga makofi. Yuditha akatoa karatasi nyeupe yenye mistari miwili tu ya mkaa: mmoja wa wingu, mwingine wa Kibo, kilele cha mlima wao chenye theluji.

Watoto wakaangua kicheko. "Ameishiwa mkaa huyo!" alisema Elifuraha.

Mwalimu hakucheka. "Yuditha, huu ni uvivu. Kamalizie."

"Nimemaliza, Mwalimu," Yuditha alijibu, machozi yakimlengalenga. "Mawingu yakitanda asubuhi, mlima ninauona hivyo tu."

"Basi atakwenda Salvina."

Salvina alifurahi, maana hakuwahi kufika Moshi. Lakini alipomtazama Yuditha, rafiki yake, furaha ikamwisha. Akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Yuditha si mvivu. Tunakaa dawati moja, nimemwona. Wiki nzima amekuwa akichora kwenye kibao na kufuta. Alianza na nyumba na migomba kama mimi, akawa anaviondoa kimoja kimoja. Mimi yangu niliichora jana jioni tu."

Mwalimu akaiegemeza picha ya Yuditha ubaoni, akarudi nyuma hadi mlangoni. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni Kibo kweli," Elifuraha alinong'ona. "Hata baridi yake naisikia."

"Nisamehe, Yuditha," alisema Mwalimu. "Chuoni tulionyeshwa picha za wachoraji wa nchi za mbali. Wanachora mistari michache, sehemu kubwa wanaiacha tupu. Nilisahau, nikakuhukumu haraka. Utakwenda wewe."

Kisha akamgeukia Salvina. "Umeumia?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Najua. Ulijua utaikosa safari, na bado ukasema." Akawatazama wote. "Watoto, msiseme mtu ni mvivu kabla hamjauliza kazi yake ameifanyaje. Na anayeujua ukweli auseme, hata kama utamkosesha kitu anachokitaka sana."