Hata Tonge Moja

Twahir asingekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, ningemwapiza hadharani. Nakwambia mapema, usije ukashangaa kwa nini nilikuwa nimefura vile ndani ya treni, huko Ujerumani, siku ya pili ya Krismasi.

Twahir huuza vinyago ufukweni Diani. Siku vinyago vilipomwishia, aliingia chumbani kwa mama, nyumbani kwetu Msambweni, akachukua kibuyu cha marehemu babu yetu Garama, kile kilichofungwa kitambaa chekundu. Akamuuzia mtalii wa Kijerumani. Hakuuliza mtu. Tangu hapo mama hali. Ukimpelekea uji anausukuma na kusema, "Mwenyewe hajala, mimi nitakulaje?" Hospitalini hawakuona ugonjwa. Mama akabaki mifupa.

Mimi ndiye niliyeko Ujerumani, nauguza wazee wa watu. Basi aibu ya Twahir ikawa mzigo wangu. Shangazi Kibibi alinipigia simu, akinong'ona kama yuko matangani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Salwa. Kakifuate hicho kibuyu kwa huyo mtalii, Twahir anayo anwani yake. Usikifungue. Na usikisemeshe."

"Shangazi, mambo haya ya zamani..."

"Mamako anakufa, mwanangu."

Ruhusa niliyopata kazini ilikuwa ya sikukuu tu. Na wenzetu wakiwa na sikukuu wamefunga kila kitu. Maduka yamefungwa, vibanda vya stesheni vimefungwa, treni zenyewe za kuhesabu. Nilisimama kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi, nikimlaani Twahir kwa kila treni isiyokuja. Bahati nilikuwa na pilau yangu ndani ya kopo, maana nawajua.

Aliyekinunua kibuyu hakunikaribisha hata ndani. Alinipa mlangoni, kimezungushiwa gazeti. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Aliniuliza swali moja tu.

"Anataka nini?"

Nikamwambia sijui. Akafunga mlango, nikasikia na komeo likipigwa.

Wakati wa baridi jua la huko huzama alasiri. Treni ya kurudi ilipoondoka, nje kulikuwa kweusi tayari. Behewa zima nilikuwa peke yangu. Kibuyu nilikiweka kiti cha pembeni. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Kikaanza kunuka. Mafuta ya mbono... na ubani. Nilitaka kufungua dirisha, lakini madirisha ya treni ile hayafunguki.

Mara treni ikasimama, mahali pasipo na stesheni. Taa zikafifia. Sauti kwenye spika ikasema tuwe na subira. Subira gani tena? Njaa ilikuwa inanikata, na hasira haishibishi mtu. Nikafungua kopo, nikanawa kwa maji ya chupa, nikasema bismillahi. Nami nimelelewa Msambweni. Kwetu kula bila kukaribisha ni kukosa adabu, hata kama aliyepo ni paka. Ulimi ukatoka wenyewe.

"Karibuni."

Nikakanda tonge la kwanza.

Kisha, nyuma yangu...

"Starehe."

Sauti ya mzee. Kiswahili cha kwetu kabisa. Wewe hujui furaha ya kulisikia neno hilo kwenye theluji, baada ya miezi ya lugha za watu. Nilisahau hasira, nikasahau na onyo la Shangazi. Kwetu anayekaribishwa chakula akikataa kwa adabu husema starehe, na starehe ya kwanza ni kuona haya tu, mgeni hung'ang'anizwa. Sikugeuka hata. Nilikuwa natabasamu.

"Usiseme hivyo, baba. Karibu, hata tonge moja."

"Haya," sauti ikajibu, polepole. "Maadamu wewe ndiye uliyesema."

Nikageuka.

Viti vitupu.

Nikakikamata kibuyu. Gazeti lilikuwa vilevile, na fundo la kitambaa halijaguswa. Lakini kilikuwa chepesi, kitupu kabisa. Nikaangalia pilau yangu. Katikati palikuwa na shimo, pamechotwa tonge. Alama za vidole zilionekana, na wali uliozunguka ulikuwa unang'aa mafuta ya mbono.

Nilipiga mayowe. Hakuna aliyekuja. Treni ikajiendea zake.

Sijafika ninakokaa, simu ikalia. Shangazi, analia kwa furaha.

"Mamako amekula! Ameomba wali, akaongezwa, akaomba tena! Alhamdulillahi!"

Nililia nami. Kisha sauti yake ikashuka.

"Salwa... hukukisemesha?"

"Nilikaribisha chakula tu, Shangazi."

"Akaitikia?"

"Akasema starehe."

"Ukanyamaza?"

"Nikamkaribisha tena."

"Babu yako Garama," akasema Shangazi, "hakuwa akikaribisha mtu zaidi ya mara moja. Sisi tulidhani ni uchoyo, kumbe alijihadhari na yule wa kibuyuni."

Tangu siku ile chakula hakinishuki. Nikiinua tonge, ndani yangu mtu anasema: mwenyewe hajala. Nguo zote zinanipwaya. Twahir, mwizi yule, alinipigia akicheka. "Dada, si unaona? Yamekwisha salama." Hata pole hakunipa. Hata samahani.

Idd nakwenda nyumbani. Mama amenenepa, wanasema, naye anataka kuniona. Tutakaa mkekani sote, na Twahir ndiye atakayeandaa sinia, maana adabu za mkekani anazo. Ataniona nimekaa pembeni, sili. Atanikaribisha. Nami nitasema starehe. Nimeshajaribu kulitamka peke yangu, na sauti inayotoka si yangu.

Mbele ya mama, Twahir ataona haya kuniacha hivyo.

Nitamsubiri aseme mara ya pili.