Upepo wa Thelathini

"Kwani gari lako linapumua, Kirimi?"

Hilo ndilo swali ambalo jirani Gitobu aliuliza siku moja, akiwa ameinama kuchungulia chini ya gari. Kirimi, fundi wa magari mjini Maua, alicheka tu. Ndani ya gari hilo alikuwa ameweka kitanda, sinki na jiko dogo, ili wasafiri wawe wanalikodi na kulala humo. Sasa, juu ya ekseli ya nyuma, alikuwa amefunga mifuko miwili ya mpira inayojazwa upepo, isaidiane na springi kutuliza mitikisiko.

"Hiyo ni ya watu wenye migongo laini," Gitobu alisema.

"Ni ya mama mkwe," Kirimi akamjibu, na utani ukaisha.

Nyanya Ruguru, huyo mama mkwe, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimruhusu kurudi kwake Kanja siku ya Jumamosi, mradi asafiri akiwa amelala na asitikiswe.

Kagwiria, binti wa Kirimi mwenye miaka kumi na miwili, alipewa kazi moja. Kila asubuhi kabla ya shule alipima upepo wa mifuko kwa geji na kuandika namba daftarini.

"Thelathini, isizidi," baba alimwambia.

Ijumaa asubuhi Gitobu, ambaye husafirisha miraa kwa pikapu, alimkuta Kagwiria akipima.

"Thelathini? Hata baiskeli itakucheka. Mimi nikipakia miraa, najaza tairi hadi ziwe kama jiwe. Unambeba nyanya yako halafu unambania upepo?"

Kagwiria alimpenda sana nyanya yake. Akawasha mashine ya kujazia upepo, akajaza hadi themanini. Kisha akakumbuka maneno ya baba, akaogopa. Daftarini akaandika thelathini, akakimbia shuleni.

Jioni baba alilijaribu gari. Mama yake Kagwiria, Eunice, alikaa kitandani na kikombe cha chai mkononi. Kabla ya tuta la pili, chai yote ilikuwa kwenye sketi yake.

"Baba Kagwiria, simama. Mama hawezi kuvumilia hivi. Heri abaki hospitali."

Waliporudi nyumbani, Kirimi alisoma daftari. "Upepo uko sawa. Basi mifuko yenyewe ndiyo mibaya." Akachukua spana, akaingia chini ya gari kuifungua. Eunice akampigia simu mama yake kumwambia kwamba safari haitakuwepo.

Sauti ya Nyanya ikasikika, nyembamba. "Nimeshaaga wodi nzima, mwanangu. Hata kitambaa changu cha kanisa nimekifunga kichwani."

Kagwiria hakuweza kuvumilia tena. "Baba, usifungue. Niliandika uongo. Niliweka themanini."

Kirimi alitoka chini ya gari, akampa geji. "Punguza wewe mwenyewe."

Upepo ulitoka taratibu, gari likashuka kidogo. Walipopita kwenye matuta yale yale, chai ilicheza ndani ya kikombe lakini haikumwagika. Eunice aliinywa yote. "Asante Yesu," alisema, akachukua simu tena.

Jumamosi waliomba, wakaondoka. Walipopita Runyenjes, Nyanya alikuwa anakoroma.

"Tumefika?" aliuliza pale Kanja. "Mbona sijaisikia njia?"

Jumapili jioni Gitobu alikuja kunywa chai kwa akina Kirimi. Kagwiria alikuwa amekaa karibu na baba yake.

"Kuzidisha upepo ni kutojua," Kirimi alimwambia binti yake. "Ningerekebisha kwa dakika moja. Lakini namba ya uongo nusura inifanye niharibu kitu kizima, na nyanya yako karibu akose kwenda kwake. Andika ulichopima, hata kama kinakuaibisha. Na usipoelewa, muulize aliyekupa kazi. Mungu ameturehemu kwa sababu ulisema mapema."

Kagwiria aliitikia kwa kichwa.

Kirimi akamgeukia mgeni wake. "Na wewe Gitobu, leo pikapu haina mzigo. Tairi zina upepo kiasi gani?"

"Ule wa mzigo," Gitobu alisema polepole.

Akaweka kikombe chini, akachukua geji pale mezani, akatoka kwenda kwenye pikapu yake.